Maswali ya Wasomaji: Seva Moja, Kadi Mbili, Anwani Nyingi

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu seva za Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix zenye kadi zaidi ya moja ya mtandao, au zenye kadi moja iliyobebeshwa anwani kadhaa za IP. Nimechagua tano na kufupisha pale barua zilipokuwa ndefu. Anwani halisi za wasomaji nimeziondoa na badala yake nimetumia zile zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, yaani 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24, ili atakayenakili mstari bila kuusoma asije akaingilia mtandao wa mtu mwingine. Amri zinazobadilisha mipangilio zinahitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu (root).

SWALI: Ndugu mwandishi, seva yangu ya Debian ina kadi moja tu, nami nataka iwe na anwani tatu ili kila huduma iwe na yake. Maelekezo mengine yanasema niandike eth0:0 na eth0:1 kwa ifconfig, mengine yanasema nitumie ip addr add. Nilitumia njia ya pili na anwani mpya zikajibu ping, lakini nilipoendesha ifconfig sikuziona. Zimejificha wapi? Na kwa nini seva ilipowashwa upya zilitoweka kabisa?

JIBU: Hazikujificha, ndugu msomaji, ni chombo ulichotumia kuzitazama ambacho hakina macho ya kuziona. Amri ya ifconfig ilizaliwa na 4.2BSD mwaka 1983, wakati ambapo kadi moja ilitarajiwa kuwa na anwani moja. Ile iliyomo ndani ya Linux bado inaiuliza kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kwa utaratibu huo wa zamani, yaani anwani moja kwa kila jina, na ndiyo maana watu walilazimika kubuni majina ya bandia kama eth0:0 ili kila anwani ya ziada ipate jina lake la kuulizwa. Kerneli ya leo haina haja ya majina hayo. Kadi moja huweza kushika orodha ya anwani, na neno eth0:0 limebaki kuwa lebo tu iliyobandikwa juu ya anwani. Usipoibandika, ifconfig haioni kitu. Tumia amri hii badala yake:

    ip -br addr

Itakuonyesha kila kadi kwa mstari mmoja, pamoja na anwani zake zote za IPv4 na IPv6. Kuongeza anwani ni hivi, eno1 likiwa jina la kadi (weka lako):

    ip addr add 192.0.2.11/24 dev eno1

Usisahau hiyo /24, inayotaja upana wa subneti, yaani kundi la anwani zilizo kwenye waya mmoja. Ukiiacha, amri haitalalamika, bali itaipa anwani yako upana wa /32, na kama hiyo ndiyo anwani pekee ya kadi, seva haitajua kuwa majirani zake wapo kwenye waya uleule.

Kuna jambo dogo ambalo huwaumiza watu siku ya kufanya usafi. Anwani ya kwanza kuwekwa katika subneti fulani ndiyo kuu, na zinazofuata katika subneti hiyohiyo huandikiwa neno secondary katika matokeo ya ip addr. Ukiifuta ile kuu, kerneli kwa kawaida yake huzifuta na zote zilizo chini yake, labda kama mpangilio wa net.ipv4.conf.eno1.promote_secondaries una thamani ya 1, ambapo inayofuata hupandishwa cheo. Mifumo mingi inayotumia systemd huuwasha mpangilio huo yenyewe, lakini hakikisha kwa sysctl kabla ya kufuta anwani kuu kwenye seva uliyoingia kwa SSH kupitia anwani ileile.

Kutoweka baada ya kuwasha upya ni jambo la kawaida, kwa kuwa amri ya ip huandika katika kumbukumbu ya kerneli tu na haigusi faili lolote. Katika Debian inayotumia /etc/network/interfaces, rudia kifungu cha iface kwa kila anwani, na uandike lango (gateway, yaani ruta ya kutokea nje) mara moja tu:

    auto eno1
    iface eno1 inet static
        address 192.0.2.10/24
        gateway 192.0.2.1

    iface eno1 inet static
        address 192.0.2.11/24

    iface eno1 inet static
        address 192.0.2.12/24

Kwa wanaotumia NetworkManager, kazi hiyo hufanywa na nmcli connection modify ikifuatiwa na jina la muunganisho na maneno +ipv4.addresses 192.0.2.11/24. Alama ya kujumlisha ina uzito wake, kwa sababu bila hiyo anwani mpya huchukua nafasi ya zilizokuwepo badala ya kuungana nazo.

Umegusia pia kwamba kila huduma iwe na anwani yake. Kuipokea kazi ni rahisi, kwa maana unaiambia huduma isikilize anwani fulani badala ya 0.0.0.0 (yaani anwani zote), kisha unathibitisha kwa ss -ltn. Upande wa kutoka ndio unaosahaulika. Seva inapoanzisha mawasiliano yenyewe, haichagui anwani kwa kujali ni programu gani imeomba. Huchukua ile iliyoandikwa kama src (anwani ya mtumaji) katika njia itakayotumika, na mara nyingi hiyo ni anwani kuu. Seva ya barua pepe ambayo inasikiliza 192.0.2.12 itatuma barua zake kwa 192.0.2.10 mpaka uiambie vinginevyo, na katika Postfix unaiambia kwa smtp_bind_address. Ukitaka kubadilisha chaguo hilo kwa seva nzima, andika ip route replace default via 192.0.2.1 dev eno1 src 192.0.2.12.

SWALI: Tuna seva yenye kadi mbili, eno1 na eno2, na kila moja imeunganishwa na mtoa huduma wake wa intaneti. Ya kwanza ina anwani 192.0.2.10 na lango 192.0.2.1, ya pili ina 203.0.113.20 na lango 203.0.113.1. Anwani ya kwanza inafikika kutoka popote duniani. Ya pili inafikika na kompyuta zilizo katika subneti yake tu. Walio nje hawapati jibu. Kinachonichanganya ni kwamba nikiendesha tcpdump kwenye eno2 naziona pakiti zao zikiingia. Nimezima ukuta-moto wote, bado. Je, ninahitaji kuweka lango la pili la msingi?

JIBU: Hapana, na nakuomba usiliweke kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Swali lako ndilo linaloletwa na wasomaji wengi kuliko mengine yote, na karibu kila anayelileta ameshazima ukuta-moto wake bure.

Kiini chake ni hiki: seva inapojibu, haikumbuki kadi iliyoleta swali. Kerneli hutazama jedwali la njia, na jedwali hilo hupangwa kwa anwani ya mwisho wa safari, yaani anakokwenda jibu, wala si kwa mlango ambao swali liliingilia. Mteja wa mbali mwenye anwani 198.51.100.7 anapobisha kwenye 203.0.113.20, pakiti yake huingia kwa eno2 vizuri kabisa. Jibu linapotayarishwa, kerneli huuliza: njia ya kwenda 198.51.100.7 ni ipi? Haiko katika subneti zako zozote mbili, kwa hiyo hupelekwa kwa lango la msingi, ambalo ni 192.0.2.1 kupitia eno1. Jibu hutoka nje likiwa na anwani ya mtumaji 203.0.113.20 kupitia mtandao wa mtoa huduma ambaye hakukupa anwani hiyo. Watoa huduma waangalifu hutupa pakiti za namna hiyo, na wana haki, kwa sababu pendekezo la kuchuja anwani za mtumaji zisizo halali, lijulikanalo kama BCP 38, lipo tangu mwaka 2000 na lengo lake ni kuzuia watu kughushi anwani. Majirani wa eno2 wanapata jibu kwa kuwa kwao kuna njia ya moja kwa moja kupitia kadi ileile.

Yawezekana hata hivyo jibu halikutayarishwa kamwe. Linux ina kichujio kiitwacho rp_filter. Kikiwa na thamani ya 1, kila pakiti inayoingia hupimwa kwa swali moja: kama ningemjibu mtumaji huyu, ningetumia kadi hii? Jibu likiwa hapana, pakiti hutupwa kimyakimya. Nayo tcpdump huzitazama pakiti kabla ya hatua hiyo, kwa hiyo utaziona zikiingia ilhali programu yako haikupokea chochote. Angalia kama hesabu hii inapanda kila mteja wa nje anapojaribu:

    nstat -az TcpExtIPReversePathFilter

Ikipanda, umempata aliyezimeza. Fahamu kwamba thamani inayotumika kwa kadi ni ile kubwa kati ya iliyoandikwa chini ya all na iliyoandikwa chini ya jina la kadi, hivyo kuweka 0 kwenye eno2 peke yake hakusaidii iwapo all ina 1.

Wengi hufika hapa na kuandika lango la pili la msingi. Matokeo yake ni moja kati ya mawili. Malango hayo yakiwa na uzito (metric) tofauti, lenye uzito mdogo hushinda na lile jingine hubaki pambo; na ukijaribu kuongeza la pili kwa uzito uleule, amri itakukatalia kwa maneno File exists. Hakuna kati ya hayo linalogusa tatizo, kwa sababu bado uamuzi unafanywa kwa kuangalia anakokwenda jibu.

Unachohitaji ni jedwali la pili la njia, pamoja na kanuni inayosema kwamba pakiti yenye anwani fulani ya mtumaji isome jedwali hilo. Kerneli huja na majedwali matatu, local, main na default, na kanuni tatu zenye namba 0, 32766 na 32767 zinazoyataja kwa mpangilio huo. Namba ndogo husomwa kwanza. Kanuni yako utaiweka katikati, baada ya 0 na kabla ya 32766:

    ip route add 203.0.113.0/24 dev eno2 src 203.0.113.20 table 102
    ip route add default via 203.0.113.1 dev eno2 table 102
    ip rule add from 203.0.113.20 lookup 102 priority 1002

Namba 102 na 1002 nimezichagua mimi; chagua zako mradi zisigongane na zilizopo. Mstari wa kwanza watu huuruka kwa kudhani kuwa lango latosha. Ukiuruka, majibu yanayokwenda kwa majirani wa eno2 yatapelekwa kwenye ruta ili iyarudishe kwenye waya uleule, jambo ambalo hufanya kazi kwa baadhi ya ruta na kwa nyingine likashindikana, na utapoteza mchana mzima ukimtafuta mchawi.

Kabla ya kumwomba yeyote wa nje ajaribu, iulize kerneli yenyewe:

    ip route get 198.51.100.7 from 203.0.113.20

Kabla ya kanuni, jibu lilitaja via 192.0.2.1 dev eno1. Sasa linapaswa kutaja via 203.0.113.1 dev eno2 table 102. Amri hii haitumi pakiti yoyote; inakuonyesha uamuzi ambao ungefanywa. Mimi nadhani ndiyo amri yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi hii, na seva nyingi zingepona mapema kama ingeendeshwa kabla ya mtu kugusa ukuta-moto.

Habari njema ni kwamba kanuni hiyohiyo humridhisha na rp_filter, kwa maana kichujio kinapojiuliza jibu lingetoka wapi, huulizia kwa kutumia anwani ya 203.0.113.20 kama mtumaji, hukutana na kanuni yako, na kupata eno2. Huna haja ya kukizima. Ukiona bado kinazuia, thamani ya 2 hulegeza masharti: hukubali pakiti mradi kuna njia yoyote ya kumrudia mtumaji, kupitia kadi yoyote.

Kwa wanaotumia Netplan, usanidi wa kudumu wa kadi ya pili ni huu:

    network:
      version: 2
      ethernets:
        eno2:
          addresses:
            - 203.0.113.20/24
          routes:
            - to: 203.0.113.0/24
              scope: link
              table: 102
            - to: default
              via: 203.0.113.1
              table: 102
          routing-policy:
            - from: 203.0.113.20
              table: 102
              priority: 1002

Tumia netplan try badala ya netplan apply unapofanya kazi kutoka mbali. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mfumo huurudisha usanidi wa awali, na wewe huhitaji kumpigia simu mtu aende kwenye chumba cha seva.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, huduma za UDP, ambazo hutuma pakiti bila kuanzisha muunganisho. Muunganisho wa TCP hukumbuka anwani uliyoanzia, kwa hiyo jibu litatoka na anwani sahihi na kanuni yako itaikamata. Programu ya UDP iliyofungua soketi moja kwenye 0.0.0.0, kama haikuandikwa kwa uangalifu, humwachia kerneli ichague anwani ya mtumaji wakati wa kujibu, nayo kerneli huchagua ile ya njia ya msingi. Mteja aliyeuliza 203.0.113.20 hujibiwa na 192.0.2.10, na hulitupa jibu hilo kwa kuwa hakumuuliza huyo. Seva ya DNS ya BIND hulikwepa tatizo hili kwa kufungua soketi kwa kila anwani iliyopo. Programu yako ikiwa haifanyi hivyo, iambie isikilize anwani mojamoja kwa jina.

Pili, usitarajie kwamba umepata uhakika wa kutokatika. Kanuni hizi zinahakikisha kila jibu linatoka kwa mlango wake. Mtoa huduma wa kwanza akianguka, mawasiliano yanayoanzishwa na seva yenyewe yataendelea kuelekezwa kwake, na kuyahamisha kunahitaji programu inayochunguza lango na kubadilisha njia.

SWALI: Niliweka kadi mbili za gigabiti 1 katika swichi moja, eno1 ikiwa na 192.0.2.10 na eno2 ikiwa na 192.0.2.11, nikitegemea kupata kasi maradufu. Kasi haikuongezeka. Halafu kuna kioja: nikichomoa kebo ya eno2, anwani ya 192.0.2.11 huendelea kujibu baada ya muda mfupi. Nikichomoa ya eno1, zote mbili hunyamaza. Natumia Debian na nimeandika anwani katika /etc/network/interfaces.

JIBU: Vioja vyote viwili vina baba mmoja. Katika Linux, anwani ya IP ni mali ya seva nzima. Kuiandika chini ya kadi fulani hakuifungi kwenye kadi hiyo. Waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989 ulieleza mitindo miwili ya kompyuta yenye kadi nyingi: mkali, ambao hupokea pakiti kwa kadi yenye anwani husika tu, na mlegevu, ambao hupokea anwani yoyote ya kwake kupitia kadi yoyote. Linux ilichagua ulegevu. Kwa hiyo swichi inaposambaza swali la ARP (utaratibu wa kutafuta kadi inayoshika anwani fulani ya IP) la kumtafuta mwenye 192.0.2.11, kadi zote mbili hulisikia na zote mbili huweza kujibu, kila moja kwa anwani yake ya MAC (namba ya kadi yenyewe), na jirani hushika lililomfikia. Ulipochomoa eno2, akiba ya ARP ya jirani ilipochakaa aliuliza tena, eno1 ikajibu, na maisha yakaendelea.

Ulipochomoa eno1 mambo yalikuwa mengine. Angalia ip route wakati kebo iko nje na utaona mistari hii miwili:

    192.0.2.0/24 dev eno1 proto kernel scope link src 192.0.2.10 linkdown
    192.0.2.0/24 dev eno2 proto kernel scope link src 192.0.2.11

Njia mbili za kwenda mahali pamoja, na ya kwanza ndiyo inayotumika. Kerneli imejua kuwa kebo haipo, na imeandika linkdown, lakini kwa mipangilio ya kawaida haiiachi njia hiyo kwa sababu hiyo tu. Maswali yaliingia kwa eno2, majibu yakapelekwa kwa eno1 iliyokatika. Hilo pia ndilo linalokunyima kasi: kila kitu kinachotoka kinapita eno1, hata wakati kebo zote zimechomekwa.

Kuna mipangilio ya kupunguza ulegevu huo. Kuweka arp_ignore kuwa 1 na arp_announce kuwa 2 huifanya kila kadi ijibu kwa ajili ya anwani yake tu na itangaze anwani inayofaa. Pamoja na majedwali mawili ya njia kama nilivyoeleza katika barua iliyotangulia, utapata kadi mbili zinazojitegemea. Ila sikushauri. Kadi mbili katika subneti moja ni mpango ambao hauna faida usiyoweza kuipata kwa njia safi zaidi, nayo ni kuziunganisha ziwe kadi moja, bondi, kisha anwani zote mbili ukaziweka juu ya bond0.

Mtindo wa active-backup hauhitaji chochote kwenye swichi: kadi moja hufanya kazi na ya pili husubiri. Mtindo wa 802.3ad hutumia zote mbili kwa pamoja, lakini swichi lazima isanidiwe kwa LACP (itifaki ya kuunganisha kadi) upande wake. Hata hapo, muunganisho mmoja hupita kadi moja, kwa hiyo faili moja linalonakiliwa kwa mteja mmoja halitapita gigabiti 1. Faida huonekana wateja wanapokuwa wengi, hasa ukichagua xmit_hash_policy ya layer3+4 ili mgawanyo uzingatie na namba za poti. Hali halisi ya bondi huisoma katika /proc/net/bonding/bond0. Hakikisha miimon (muda kati ya ukaguzi mmoja wa kebo na mwingine) haina thamani ya 0, kwa maana bila uchunguzi huo, na kama hutumii uchunguzi wa ARP, bondi haitajua kuwa kebo imechomoka.

SWALI: Katika FreeBSD nilikuwa na ifconfig_em0_alias0 hadi alias3 ndani ya /etc/rc.conf. Nilifuta mstari wa alias1 kwa kuwa anwani yake haihitajiki tena. Baada ya kuwasha upya, imebaki alias0 tu.

JIBU: Namba za alias lazima zifuatane. Mfumo huhesabu kuanzia 0 na hukoma pale unapokuta pengo la kwanza, kwa hiyo alias2 na alias3 hazikusomwa. Zipange upya, au uachane na namba kabisa kwa kutumia orodha moja:

    ifconfig_em0_aliases="inet 192.0.2.11/32 inet 192.0.2.12/32"

Hiyo /32 ni ya makusudi. Katika FreeBSD anwani ya ziada iliyo katika subneti ileile ya anwani kuu hupewa maski ya 255.255.255.255, ilhali ya kwanza katika subneti hubeba maski yake halisi. Wanaohama kutoka Linux hushangaa pia kukuta ifconfig ikiwa hai na mzima huku. Ni kweli, kwa mifumo ya BSD imeendelea kutunzwa pamoja na kerneli na huonyesha anwani zote. Na kwa aliye na malango mawili, dawa ya FreeBSD iliyo karibu zaidi ni neno reply-to katika kanuni za pf (ukuta-moto wake), ambalo huyarudisha majibu kwa lango la kadi iliyoleta swali.

SWALI: Tumehamisha anwani 192.0.2.12 kutoka seva ya zamani kwenda mpya usiku. Asubuhi baadhi ya wateja waliifikia, wengine hawakuifikia mpaka saa kadhaa baadaye. Vilevile nginx, programu yetu ya tovuti, ilikataa kuwaka kwenye seva mpya kabla hatujahamisha anwani, ikisema Cannot assign requested address. Tungefanyaje?

JIBU: Waliokosa ni wale ambao ruta yao bado ilikuwa na anwani ya MAC ya seva ya zamani katika akiba yake ya ARP. Linux huipima upya akiba hiyo mara kwa mara, lakini ruta za Cisco kwa mpangilio wa kiwandani huishikilia kwa sekunde 14,400, yaani saa 4. Mara tu anwani inapokuwa kwenye seva mpya, itangaze:

    arping -U -c 3 -I eno1 192.0.2.12

Kabla ya hapo, ukiwa kwenye seva mpya ambayo bado haina anwani hiyo, endesha arping -D -c 3 -I eno1 192.0.2.12 ili ujue kama kuna mwingine anayeidai. Akijibu yeyote, seva ya zamani haijaiachia, au kuna faili la usanidi litakaloirudisha siku itakapowashwa upya. Lifute hilo faili usiku uleule.

Kuhusu nginx, kosa hilo lina maana kwamba imeambiwa isikilize anwani ambayo seva haina. Unaweza kuiruhusu kwa kuweka net.ipv4.ip_nonlocal_bind kuwa 1, ambapo programu yoyote itaweza kusikiliza anwani ambayo bado haijafika, na huo ndio utaratibu wa kawaida kwa wanaohamisha anwani kati ya seva mbili kwa keepalived. Kosa hilohilo likitokea kila seva inapowashwa, hata bila uhamisho, basi huduma inatangulia mtandao: ongeza After=network-online.target na Wants=network-online.target katika faili la huduma la systemd.